Olga Sosina, Mshambuliaji wa Barafuni

Olga Sosina, aliyezaliwa mwaka 1992 katika Almetyevsk, mji wa mafuta nchini Urusi, ni mshambuliaji wa hoki ya barafuni, mchezo ambao wachezaji 6 wa kila upande, akiwemo kipa, huteleza kwa viatu vyenye makali wakiwania kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Akichezea klabu za SKIF na Agidel, alishiriki Olimpiki kuanzia 2010, na timu yake ya taifa ilitwaa shaba ya dunia mwaka 2013 na 2016, mara zote mbili kwa kuifunga Finland. Finland hiyohiyo, kwa kisasi kinachoeleweka, iliwanyima Warusi shaba ya Olimpiki mwaka 2018 kwa mabao 3–2.