Gari lililolala: nunua chesisi na kadi, injini hutafutwa

KAHAWA inapolipwa wilayani Mbinga, fedha huingia kwa mkupuo na mahitaji nayo huja kwa mkupuo. Kuna ada za shule, mabati, deni la dukani na mbolea ya msimu ujao. Siku hizi katika orodha hiyo lipo pia gari. Si gari la kuagiza Japani, bali pick-up au Land Rover la miaka mingi lililopandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mtu. Nyasi zimelizunguka, tairi zimekaa chini, na mwenyewe anaapa kuwa halina tatizo kubwa, "ni betri tu".

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye fedha kidogo, gari la namna hiyo linaweza kuwa mkombozi. Linaweza pia kumla mbolea, kumla ada za watoto na mwishowe kurudi juu ya mawe yale yale, safari hii nyuma ya nyumba yake. Tofauti ya matokeo hayo mawili haitokani na bahati. Hutokana na alichokikagua mnunuzi kabla ya kutoa fedha, na hesabu aliyoipiga.

Haja ya usafiri katika eneo hili haina ubishi. Mashamba ya kahawa ya Umatengo yako juu milimani, mengi yakipita mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Juu kuna kahawa, mahindi, maharage na ngano. Chini, kuanzia Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, kuna dagaa, mbasa, mchele na mihogo. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, watu wa pande hizi mbili wameendelea kutegemeana sokoni kama zamani.

Barabara nazo zimebadilika. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kilijengwa kwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay, ambazo mwaka 2019 zilikuwa bado zinajengwa, sasa ni lami. Hata hivyo, kahawa na dagaa havianzii kwenye lami. Vinaanzia kwenye njia za udongo za vijijini, ambako gari dogo la chini halifiki masika. Ndiyo maana magari magumu ya zamani, kama Land Rover 109, Land Cruiser na Hilux za dizeli, bado yanatafutwa.

Hesabu kwanza

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kuwa bei ya gari ni ile anayoitaja mwenye gari. Gari lililolala lina bei mbili: ya kulinunua na ya kulifufua. Bei ya pili huwa haitajwi, na mara nyingi hulingana na ya kwanza.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila mmoja ataujaza kwa bei za mahali pake. Gari limenunuliwa kwa Sh4,000,000. Kulivuta hadi gereji ni Sh200,000, kuchomelea chesisi Sh400,000, tairi nne Sh1,000,000, breki Sh450,000, betri Sh250,000, oili zote na filta Sh250,000, rejeta na mipira yake Sh200,000, nyaya za umeme Sh150,000, ufundi Sh500,000, kuhamisha umiliki na bima Sh300,000. Jumla ya kulifufua ni Sh3,700,000. Gari la milioni nne limekuwa la Sh7,700,000, na injini bado haijafunguliwa.

Kutokana na hesabu hiyo inapatikana kanuni rahisi: mwenye milioni sita asitafute gari la milioni sita. Atafute la milioni tatu, na tatu nyingine azihifadhi kwa kazi ya kulifufua. Asiyefuata kanuni hii ndiye anayebaki na gari lisilo na breki na mfuko usio na shilingi.

Hesabu ya pili ni ya kazi. Tuseme kukodi gari kwa safari moja ni Sh120,000, na safari hiyo hiyo kwa gari lako hugharimu Sh70,000 za mafuta na uchakavu. Kila safari inaokoa Sh50,000. Ili kurudisha Sh7,700,000, zinahitajika safari 154. Mchuuzi wa dagaa anayepanda na kushuka mara tatu kwa wiki atazimaliza katika mwaka mmoja. Mkulima wa kahawa mwenye safari kumi kwa mwaka atahitaji zaidi ya miaka 15. Huyo wa pili afadhali aendelee kukodi, au aungane na wenzake watatu wanne wenye mazao ya misimu tofauti, kwa maandishi yanayoonyesha nani ametoa nini na nani atalipa linapoharibika.

Kadi kabla ya injini

Mafundi wakongwe wana msemo kwamba injini hununuliwa dukani, lakini kadi hainunuliwi. Gari lisilo na kadi halisi ya usajili ni chuma chakavu, hata kama linawaka kwa mara moja. Namba ya chesisi na namba ya injini zilizoandikwa kwenye kadi zisomwe na kulinganishwa na zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Namba iliyokwaruzwa, au kipande cha chesisi kilichochomelewa mahali penye namba, ni sababu ya kuondoka na kwenda polisi kuuliza kabla ya kuzungumza bei.

Jambo linalowanasa wengi ni mirathi. Magari mengi yaliyolala ni ya watu waliofariki. Mjane au mtoto mkubwa anaweza kuwa na ufunguo na kadi, lakini anayeweza kuuza kisheria ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi aombe kuiona barua ya uteuzi. Bila hiyo, ndugu wengine wanaweza kujitokeza gari likishawaka na kuanza kuingiza fedha. Kadhalika gari la chama cha msingi, la kikundi au la taasisi halina mwuzaji mmoja. Linahitaji kibali cha chombo chenye mamlaka, kilichoandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili na mashahidi, kisha umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako kuna ada ya uhamisho, kadi mpya na ushuru wa stempu. Pia iangaliwe kama namba hiyo ya gari ina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Jambo moja limepungua: ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, hivyo gari likisimama halijilimbikizii tena deni hilo kila mwaka.

Njia nyingine ya kupata gari ni mnada wa magari chakavu ya serikali, ambao hutangazwa magazetini. Masharti ya matangazo hayo husema gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, na mshindi hutakiwa kuweka amana papo hapo, kwa kawaida si chini ya asilimia 25, na kumaliza salio ndani ya siku 14. Asiyemaliza hupoteza amana. Kwa hiyo anayekwenda mnadani awe na fedha zote, na awe amekwenda na fundi siku za ukaguzi, si siku ya mnada.

Chesisi haidanganyi

Land Rover za zamani hudanganya macho. Tangu yalipoanza kutengenezwa mwaka 1948, bodi zake zimetengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haili kutu kama chuma. Chesisi yake ni ya chuma. Gari linaweza kuwa na bodi safi kabisa huku chesisi imebaki ganda. Toyota hufanya kinyume: bodi huoza mapema ikatisha watu, huku chesisi ikiwa bado nzima. Ndiyo maana anayekagua hulala chini ya gari, akiwa na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito na kumeguka. Sehemu za kugonga zaidi ni zinapofungwa springi, sehemu ya nyuma inapokaa tope, na mahali palipowahi kuchomelewa.

Injini nayo isisahauliwe. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na ndani kukaonekana uji mweupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Gari likiwaka na moshi ukatoka kwa nguvu kwenye tundu la oili, ringi na pistoni zimechoka. Hayo hayalifanyi gari kuwa la kukataliwa, ila ni hoja za kupunguza bei. Cha msingi ni kujua kama spea za injini hiyo zinapatikana Mbinga au Songea. Gari ambalo kila spea yake lazima iagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, litasimama wiki nzima kwa kukosa mpira wa shilingi elfu kumi.

Usiliwashe siku hiyo hiyo

Furaha ya kununua huwafanya watu wafunge betri na kuwasha. Huo ndio wakati injini nyingi zinapokufa. Silinda zilizokaa miaka bila oili hushika kutu nyembamba, na kuzungushwa kwa nguvu hukata ringi. Njia salama ni kutoa plagi, au nozeli kwa gari la dizeli, kutia oili kidogo katika kila silinda, kuacha usiku kucha, kisha kuizungusha injini kwa mkono. Ikizunguka bila kukwama, ndipo oili ya zamani imwagwe na filta ibadilishwe.

Tangi la mafuta lifunguliwe na kuoshwa. Petroli ya zamani huacha gundi, na dizeli hukusanya maji na utelezi ambao huua pampu na nozeli, vitu vya gharama kubwa kuliko kuosha tangi. Nyaya zote zipitiwe, kwa sababu panya hupenda kuzaliana kwenye gari lililolala, na waya uliotafunwa huweza kuunguza gari zima. Oili ya giaboksi na ya difu ibadilishwe. Ikitoka na maji, tafuta yalikoingilia.

Baada ya hapo fedha zitumike kwa mpangilio: breki, usukani, tairi, kisha injini, na rangi mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi kwa sababu majirani huona rangi. Lakini kushuka kutoka milima ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kuteremka mamia ya mita ukiwa na mzigo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakiwa ya zamani huchemka breki zikipata moto, na pedali huzama hadi chini. Raba za masta silinda na za magurudumu zibadilishwe zote, mafuta yawe mapya, na dereva ashuke kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mteremko mzima.

Tairi pia hudanganya. Kashata zinaweza kuwa nzima na raba imekufa kwa jua. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi iliyopita miaka kumi isipewe mzigo, hata kama haijawahi kutembea.

Likishatoka gereji

Gari lililofufuliwa lisipewe safari ndefu wiki ya kwanza. Litembee karibu na nyumbani, kila jioni zikaguliwe oili, maji na nati za magurudumu. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kabla ya kuingia barabarani. Na anayetaka kupakia abiria kwa nauli ajue kuwa hiyo ni biashara nyingine, yenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Kuwarundika watu juu ya magunia ya dagaa si nyongeza ya kipato. Ajali moja huweza kuchukua roho za watu, gari na shamba kwa pamoja.

Mwisho, kila safari itenge kiasi cha matengenezo, hata Sh10,000, kiwekwe mbali na fedha za mafuta. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari la zamani lina nyufa nyingi. Kwa mkulima wa kahawa kuna sharti moja zaidi: fedha za mbolea na dawa ya mibuni zitoke kwanza. Mbuni uliokosa mbolea huzaa kidogo msimu unaofuata, na msimu huo ndio unaotegemewa kununua tairi zinazofuata.