Meza ya Normandie: Jibini, Bahari na Kazi ya Msanii

Novemba 2010, kamati ya UNESCO ya turathi za utamaduni zisizoshikika ilifanya kikao chake Nairobi. Hapo ndipo mlo wa sherehe wa Wafaransa ulipoingizwa katika orodha ya turathi za binadamu. Kilichotambuliwa ni desturi nzima: jamaa na marafiki kukusanyika kwa ajili ya harusi, siku ya kuzaliwa au kumbukumbu, meza kuandaliwa kwa adabu, na vyakula kufuatana kwa utaratibu ambao kila mmoja aliyekaa pale anaujua. Huanza chakula chepesi cha utangulizi, wakafuata samaki au nyama na mboga zake, kisha jibini, na mwisho kitu kitamu. Katikati ya hayo yote ni mazungumzo. Mlo usio na mazungumzo, hata ukipikwa na bingwa, Wafaransa huuhesabu kuwa pungufu.

Jimbo moja linaionyesha desturi hiyo kwa uwazi kuliko mengi: Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Huko mvua ni nyingi, majani hayakauki, na ng'ombe wenye madoa ya kahawia hulisha chini ya mitufaha hadi karibu na bahari. Kutokana na maziwa yao kumepatikana siagi, malai na jibini nne mashuhuri, na kila moja hutambulika kwa umbo lake. Camembert ni ya duara. Pont-l'Évêque ni ya mraba. Neufchâtel hutengenezwa hata kwa umbo la moyo. Livarot hufungwa ubavuni kwa nyuzi za majani ya kinamasi, na kwa kuwa nyuzi hizo ni tano, wenyeji wameibandika jina la kanali, kama kwamba imevaa alama za cheo begani.

Masimulizi ya wenyeji husema kwamba Camembert ilianza mwaka 1791, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kwa mkono wa mwanamke mkulima aitwaye Marie Harel. Husemwa kuwa alipata maarifa kutoka kwa padri mmoja wa upande wa Brie aliyekuwa mafichoni. Kwa karne nzima jibini hiyo laini ilishindwa kusafiri mbali, mpaka mwaka 1890 lilipobuniwa kasha la ubao mwembamba wa kuihifadhi. Kasha hilo na reli viliifikisha kila pembe ya nchi, na katika Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa sehemu ya posho ya askari kwenye mahandaki.

Camembert ya asili ya Normandie, ambayo jina lake lilianza kulindwa na sheria mwaka 1983, hutengenezwa kwa maziwa mabichi. Maziwa yakishaganda, fundi huyachota kwa upawa na kuyamimina kwenye kikombe chenye matundu. Humimina mara tano, akiacha muda kati ya upawa na upawa ili maji yachuruzike na tabaka zishikane. Kisha hutiwa chumvi, ikawekwa chumbani majuma kadhaa hadi ivae koga jeupe. Fundi hawezi kuiharakisha. Akiharakisha anapata kitu kingine chenye harufu ya maziwa, lakini Camembert hakuipata.

Subira hiyo inaendelea mezani. Jibini huletwa baada ya chakula kikuu na kabla ya kitamu, ikiwa imetolewa mapema mahali penye baridi ili irudishe ladha yake. Huliwa kwa mkate, na ufundi wa kuoka mkate mrefu wa bageti nao uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2022. Ukataji una kanuni zake. Jibini ya duara hukatwa kuanzia katikati kwenda nje, na ile yenye umbo la pembetatu haikatwi ncha, kwa sababu ncha ndiyo moyo wake. Anayejikatia ncha amewaachia wenzake ganda. Kila mtu apate sehemu ya katikati na sehemu ya ukingoni, na kwa adabu za kale sinia ya jibini huzungushwa mara moja tu. Ukitazama vizuri utaona kwamba hii ni sheria ya haki, ambayo watoto hufundishwa kwa kisu na jibini kabla hawajaisoma popote.

Upande wa pili wa meza hiyo ni bahari. Kome hupikwa kwa vitunguu na malai, chaza hutoka Isigny na Saint-Vaast-la-Hougue, na kombe wakubwa waitwao Saint-Jacques huvuliwa kuanzia Oktoba hadi katikati ya Mei tu, ili miezi iliyobaki wazaane. Bahari ya huko hukupwa mbali sana. Maji yakitoka wakati wa bamvua, familia nzima huteremka na ndoo na reki kuokota kome na kamba wadogo kwenye mchanga na miamba. Mwanamke wa Paje au Vanga, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, anayefuata maji kwenda kutafuta pweza angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa: wote wanaipanga siku yao kwa mwezi, na wote wanajua kwamba bahari ina saa zake.

Katika pwani hiyo ndipo uchoraji wa Ulaya ulipobadilika. Mchoraji Eugène Boudin, aliyezaliwa Honfleur mwaka 1824, alimshawishi kijana Claude Monet, aliyekulia Le Havre, aache kuchora ndani ya chumba, atoke akachore mbingu na maji vikiwa mbele yake. Rangi za mafuta zilikuwa zimeanza kufungashwa kwenye tyubu tangu 1841, kwa hiyo mchoraji aliweza kuzibeba hadi ufukweni. Mwaka 1872 Monet alichora bandari ya Le Havre alfajiri, na jina la picha hiyo ndilo lililozaa jina la kundi zima la wachoraji wa Impressionnisme.

Lakini wachoraji hao walikula wapi? Juu ya Honfleur palikuwa na shamba lililopokea wageni, Saint-Siméon, chini ya mama aliyejulikana kwa jina la Mère Toutain. Boudin, Jongkind, Courbet na Monet walikaa kwake, wakala chini ya mitufaha na kutoka kwenda kazini. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la wageni wale lilikuwa brashi, na walilishika tangu siku ya kwanza.

Jimbo jirani la Bretagne lilikuwa na mama zake pia. Mchoraji Gauguin alipofika Pont-Aven mwaka 1886 alipanga kwa Marie-Jeanne Gloanec. Baadaye, katika kijiji cha Le Pouldu, yeye na wenzake walichora kuta za chumba cha kulia chakula katika nyumba ya Marie Henry. Gauguin aliondoka akiacha picha kadhaa mikononi mwa mama huyo, na alipozidai mahakamani mwaka 1894 alishindwa kesi.

Waandishi walifuata njia hiyo hiyo. Marcel Proust alikwenda Grand Hôtel ya Cabourg kila kiangazi kuanzia 1907 hadi 1914, na mji huo akaugeuza Balbec katika riwaya yake. Marguerite Duras alinunua fleti mbele ya bahari huko Trouville mwaka 1963, akaandika humo kwa miaka mingi. Kila mmoja alipata mahali pa kukaa na kufanya kazi.

Ninaloliona kuwa somo kubwa la pwani ile ni hili. Tunapowataja Monet na Gauguin tunasifu mwanga na mawimbi, tukawasahau wanawake waliopika, waliopanga saa za kula na kuwavumilia wenye madeni. Mwanga uko katika fukwe nyingi duniani. Kilichowafanya wasanii wakae majuma na miezi, wakazungumza, wakabishana, wakasahihishana, ni meza iliyowakusanya kila siku. Msanii mwenye njaa, au anayekula peke yake kwa haraka, hupoteza nusu ya kile alichokifuata.

Pwani yetu sasa, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ina nyumba zinazowaalika waandishi na wachoraji waje kutulia na kufanya kazi. Ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Ila mwenye kufungua nyumba ya namna hiyo asianzie kwenye mandhari na bei ya chumba. Amtafute kwanza mpishi wa hapo hapo anayejua samaki wa msimu na nazi nzuri, amlipe vizuri, aweke sinia moja kubwa na saa moja ya kula kwa wote, na jina la mpishi huyo liandikwe kwenye kitabu au maonyesho yatakayotoka humo.