Nyama Juu ya Bamba la Chuma: Steki ya Teppanyaki kwa Msafiri wa Japani

Mkenya aendapo Japani, na siku hizi wanaokwenda huko kwa masomo, mafunzo na makongamano si haba, aghalabu huwa amebeba akilini picha mbili za chakula cha nchi hiyo: samaki mbichi na wali. Picha hizo si za uongo, ila zimeacha nje mlo ambao mpenzi wa nyama hangependa kuukosa, yaani steki ya ng'ombe inayopikwa juu ya bamba la chuma mbele ya macho ya mlaji. Mlo huo huitwa teppanyaki. Makala haya yanakusudia kueleza asili yake na namna ya kuufurahia. Hoja yetu ni kwamba steki ya teppanyaki si mlo wa kale wa Wajapani. Ilizaliwa katika kukutana kwao na wageni. Mgeni alifahamuye jambo hilo huiagiza, huila na kuilipia kwa utulivu zaidi kuliko yule aingiaye mkahawani kana kwamba anaingia hekaluni.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katika Kijapani, tetsu ni chuma na han ni ubao au bamba. Maneno hayo yanapoungana, silabi tsu humezwa, h hugeuka kuwa p, na konsonanti hiyo hurefuka: teppan. Mwanafunzi wa fonolojia hatashangazwa na usilimisho wa aina hiyo. Yaki nayo hutokana na kitenzi yaku, ambacho maana yake ni kuchoma au kuoka. Teppanyaki basi ni kitu kilichochomwa juu ya bamba la chuma. Tukilinganisha na nyama choma yetu, tunaona kwamba Kiswahili kimetaja kinachochomwa, ilhali Kijapani kimetaja mahali pa kuchomea na kuiacha nyama bila kutajwa. Ndiyo maana kamba, kabichi, uyoga na hata tofu huweza kupikwa kwa mtindo wa teppanyaki.

Nyama choma hasa, neno kwa neno, ni yakiniku: yaki ni choma, niku ni nyama. Tofauti hii ina faida kwa tumbo pia. Katika mkahawa wa yakiniku, wateja hujichomea wenyewe vipande vyembamba juu ya jiko lililo katikati ya meza, huku wakipiga gumzo na moshi ukiwaingia nguoni. Msafiri anayetamani uchangamfu wa Kenyatta Market na atafute yakiniku. Teppanyaki ina adabu nyingine.

Kihistoria, nyama ya ng'ombe haikuwa chakula cha kawaida Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mnamo mwaka wa 675, Mfalme Tenmu alipiga marufuku ulaji wa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi ya kilimo. Mafundisho ya Kibudha yalichangia, lakini pia ng'ombe alikuwa trekta ya wakati huo. Kumla kulikuwa sawa na kula jembe. Amri za namna hiyo zilirudiwa baadaye, na ingawa wapo waliozikiuka, mazoea ya kuiepuka nyama hiyo yalikita mizizi. Mambo yalianza kubadilika nchi ilipofungua milango kwa mataifa ya Magharibi. Bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka wa 1868, na wageni waliofika hapo waliipenda nyama ya ng'ombe weusi wa Tajima, eneo la milimani kaskazini mwa mkoa uleule. Mwaka wa 1872 ilitangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe, na kuanzia hapo ulaji wake ukawa ishara ya usasa.

Steki juu ya bamba ilikuja baadaye zaidi. Asili yake hunasibishwa na mkahawa wa Misono ulioanzishwa Kobe mwaka wa 1945 na Shigeji Fujioka. Bamba la chuma lilikuwa likitumiwa tayari kupikia okonomiyaki, aina ya chapati nzito yenye kabichi. Jipya lilikuwa kuliwekea steki, chakula cha Kizungu, katika mji uliojaa wanajeshi wa Marekani baada ya vita. Wageni waliipenda, na walipenda vilevile kutazama mpishi akifanya kazi. Kwa hiyo mgeni anapoketi mbele ya bamba hilo leo, anakalia kiti kilichotengwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Kwa msomaji wa jarida hili, Kobe haiko mbali kama inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Osaka kina idara inayofundisha Kiswahili, urithi wa kilichokuwa Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka hadi viliposhikamana mwaka wa 2007. Mhadhiri au mwanafunzi anayefika huko kwa shughuli za lugha yetu anaweza kupanda gari la moshi la kasi kutoka kituo cha Osaka na kufika Sannomiya, kitovu cha mji wa Kobe, katika muda usiofika nusu saa. Mikahawa ya teppanyaki imejaa katika mitaa inayokizunguka kituo hicho.

Imejaa pia mitego. Si kila nyama inayouzwa Kobe ni nyama ya Kobe. Jina hilo linalindwa na chama kilichoundwa mwaka wa 1983, na hupewa nyama ya ng'ombe wa ukoo wa Tajima tu, aliyezaliwa, akalishwa na kuchinjwa katika mkoa wa Hyogo, tena ikiwa imetimiza viwango vya ubora. Kila ng'ombe nchini humo ana nambari ya tarakimu 10, na mkahawa mwaminifu huionyesha bila kuombwa. Jina wagyu, kwa upande mwingine, ni pana zaidi: lina maana ya ng'ombe wa Kijapani, na hujumuisha aina nne. Alama kama A5 zinazoandikwa kwenye orodha ya vyakula huwatisha wageni bure. Herufi hueleza kiasi cha nyama kilichopatikana kutoka kwa mnyama. Tarakimu, kuanzia 1 hadi 5, ndiyo ya ubora. A5 ni nyama yenye mafuta mengi mno yaliyotapakaa ndani ya misuli kama mchoro wa marumaru. Wajapani huyaita shimofuri, yaani kuanguka kwa jalidi. Kwa maoni yangu, aliyezoea nyama ya mbuzi atafurahia zaidi A4, au hata daraja la chini ya hapo.

Sasa tuketi. Wateja hukaa upande mmoja wa bamba pana lenye unene wa kutosha kuhifadhi joto, na mpishi husimama upande wa pili. Kwanza huleta nyama ikiwa mbichi ili mlaji aione. Kisha hukaanga vipande vyembamba vya kitunguu saumu katika mafuta, taratibu, hadi viwe rangi ya dhahabu, halafu huviweka kando. Mboga hufuata. Nyama huja baadaye: hubanikwa upande mmoja, hugeuzwa mara moja, hufunikwa kidogo, kisha hukatwa vipande vidogo vinavyoweza kuchukuliwa kwa vijiti. Chombo chake ni kisu na mwiko bapa wa chuma, na mikono yake haina papara. Vipande huwekwa mbele ya mlaji vichache vichache, pamoja na chumvi, wasabi na sosi ya soya. Ushauri wangu ni kuanza na chumvi peke yake, kisha wasabi, na kuiacha sosi iwe ya mwisho, kwani hiyo humeza ladha nyingine zote. Mwishoni mpishi hukaanga wali wa kitunguu saumu juu ya bamba lilelile lililokwisha kunywa mafuta ya nyama. Wapo wanaoshikilia kwamba wali huo ndio mlo wenyewe na steki ni utangulizi wake, nami sina nguvu za kuwapinga.

Kipande cha gramu 150 humshtua Mkenya aliyezoea kuagiza kwa kilo. Asiharakishe kuongeza. Mafuta ya wagyu huyeyuka katika joto dogo na hukinaisha mapema. Nusu kilo yake ni adhabu. Kuhusu kiwango cha kuiva, mpishi atauliza. Iliyoiva kiasi, yenye wekundu katikati, ndiyo inayohifadhi ladha, ingawa asiyeweza kustahimili wekundu huo ana haki ya kuomba iive kabisa, na hatatazamwa vibaya. Neno lao la steki ni sutēki, lililokopwa kutoka Kiingereza na kufungwa kwa irabu i kama letu. Irabu e hurefushwa, kwani suteki yenye e fupi ina maana ya kupendeza. Atakayekosea urefu huo atakuwa amemsifu mpishi badala ya kuagiza chakula, jambo lisilo na hasara.

Walioiona teppanyaki Marekani huenda wakakosa kitu. Mwaka wa 1964 Hiroaki Aoki alifungua Benihana mjini New York, na humo wapishi walirusha kamba hewani, wakachezesha visu na kujenga milima ya vitunguu inayotoa moto. Hiyo ni sanaa ya maonyesho na ina utamu wake. Kobe, mpishi hufanya kazi kimya, na anayetarajia sarakasi atadhani amepunjwa.

Msafiri Mwislamu ana jambo la ziada la kuangalia. Mbali na uchinjaji, mvinyo au brandi humwagwa juu ya nyama ili kuiwasha moto, na bamba huenda limepikiwa nguruwe. Mikahawa yenye vyeti vya halali ipo katika miji mikubwa, na Kobe yenyewe ina msikiti uliofunguliwa mwaka wa 1935, wa kwanza nchini humo. Waumini wake ni washauri wazuri wa mahali pa kula.

Kuhusu gharama, mlo wa jioni wa nyama halisi ya Kobe mara nyingi hufikia au kupita yeni 20,000 kwa mtu mmoja. Mkahawa huohuo unaweza kuuza mlo wa mchana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, kwa mpishi yuleyule na bamba lilelile. Mwenye posho ya mwanafunzi na aende mchana, baada ya kuweka nafasi mapema. Bakshishi haitolewi. Inayotolewa ni kauli, gochisōsama deshita, shukrani ya baada ya kula. Ndani yake mna neno chisō, ambalo hati zake mbili zote hubeba maana ya kukimbia: mbio za mwenyeji aliyehangaika huku na huko kumtafutia mgeni wake chakula.