Kumbukumbu za Matibabu, Nguzo ya Fidia ya Ulemavu Utokanao na Kazi

Mfanyakazi aliyeajiriwa katika mgodi wa dhahabu wilayani Mpanda, mkoani Katavi, akiumia kazini na kubaki na ulemavu, ana haki ya fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kulipa mafao Julai 1, 2016. Hata hivyo, ulemavu huo hauna budi kuthibitishwa kitabibu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi kiwango hicho hulipwa pensheni ya kila mwezi. Asilimia hiyo hutokana na tathmini ya daktari, ambayo huhitaji kumbukumbu za matibabu tangu siku ya ajali.

Hivyo, mfanyakazi anapaswa kumjulisha mwajiri mapema, kwani haki ya fidia hupotea ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12. Aidha, anapotibiwa, iwe zahanati ya kijiji au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, aeleze kuwa ameumia kazini, ahakikishe maelezo hayo yameandikwa, na atunze vyeti, picha za eksirei na stakabadhi zote.