Kwa Nini Mdogo Wako Husahau

Mama amtuma mtoto wake wa miaka mitano dukani, akamwambia, "Mwanangu, niletee chumvi, kibiriti, sabuni, sukari na vitunguu." Mtoto aenda mbio, naye arudi na vitunguu tu. Kaka yake mwenye miaka kumi amcheka, asema, "Huyu hana akili!" Je, ni kweli?

Na tufikiri. Mtoto wa miaka mitano akitajiwa tarakimu, kwa kawaida aweza kurudia nne hivi. Mtu mzima aweza kurudia saba hivi. Basi vitu vitano ni mzigo mzito kwa umri wake. Tena, mkubwa ana njia za kukumbuka ambazo mdogo hajazipata bado.

Njia ya kwanza ni kujirudia. Mwaka 1966, huko Marekani, mtaalamu John Flavell na wenziwe waliwaonyesha watoto picha kadha, wakawagusia zile za kukumbukwa. Kisha mtoto alifunikwa macho kwa kofia, akangoja kidogo. Wakati huo mtu aliyejua kusoma mwendo wa midomo alimtazama kinywani. Katika watoto 20 wa miaka mitano, 2 tu walionekana wakijitajia majina ya vitu vile. Katika watoto 20 wa miaka kumi, walikuwa 17. Mwaka uliofuata, watoto wadogo wasiojitajia walifundishwa kufanya hivyo, nao wakakumbuka vema kama wenzao. Lakini walipoachwa wafanye wapendavyo, wengi wakaiacha njia ile.

Njia ya pili ni kupanga vitu mafungu mafungu. Mkubwa husema moyoni, "Vya kuliwa ni vitatu: chumvi, sukari na vitunguu. Visivyoliwa ni viwili: sabuni na kibiriti." Akilikumbuka fungu, vilivyomo humjia upesi. Akili ya kupanga hivi nayo hukua kwa miaka. Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980, aliwaonyesha watoto shanga za mti, nyingi za rangi ya kahawia na chache nyeupe. Akawauliza, "Zipi zilizo nyingi zaidi, za kahawia au za mti?" Wadogo walijibu, "Za kahawia." Watoto walipofika miaka saba au minane hivi, ndipo walipotambua kwamba za mti ni nyingi zaidi.

Basi, wewe uliye mkubwa, usimcheke mdogo wako. Ulipokuwa wa kimo chake nawe ulisahau vivyo hivyo, ila umekwisha kusahau kwamba ulisahau. Mshike mkono, mwende dukani pamoja, na njiani mtaje kwa sauti: chumvi, sukari, vitunguu, sabuni, kibiriti. Mfanyie hivyo leo, na kesho, na kesho kutwa, kwani kufundishwa mara moja hakutoshi. Haba na haba hujaza kibaba.