Je, Wajua? Heru Juu, Mlima wa Mwami Mwanamke

Vilima vya Heru, wilayani Kasulu, viliwahi kutawaliwa na mwanamke. Mwami (yaani mtemi) Theresa Ntare alishika utemi wa Heru mwaka 1946, miaka 17 kabla ya serikali kufuta uchifu. Leo Heru Juu ni kijiji cha wakulima: migomba imefunika nyumba, chini yake maharage na mibuni, na asubuhi hutoki bila sweta.

Usimpite mtu kimyakimya. Waha, wenyeji wa hapa, husalimiana kwa kituo, mikono ikishikana muda mrefu: “Mwakeye!” Mwenye haraka huonekana hana adabu.

Umelipenda shamba? Dalali asubiri. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ugawaji wake hupitia mkutano mkuu wa kijiji. Mwananchi aliyekubaliwa huweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Asiye raia hapewi. Karatasi iliyosainiwa gengeni si hati.

Nenda Julai. Mvua zikianza, udongo mwekundu wa mteremkoni huvua watu viatu.