Pumu Inapokaza Sana
Mwenye pumu akishindwa kutaja jina lake na kijiji chake kwa pumzi moja, au midomo yake ikigeuka rangi ya majivu, usingoje asubuhi. Mirija ya pumzi imevimba, imekaza, imejaa makohozi. Wengine hufurahi kifua kikiacha kupiga mluzi. Kumbe mgonjwa angali anahangaika, na hewa haipiti tena. Hiyo ndiyo hatari kubwa.

Usimlaze. Mketishe wima, mbali na moshi wa jiko. Toboa chupa ya plastiki chini, chomeka humo dawa ya kupuliza ya salbutamoli, naye avute kwa mdomo wa chupa: mpulizo mmoja mmoja, 4 hata 10. Rudia kila dakika 20 njiani mkimpeleka hospitali.